Basel kwa Miguu: Maelezo kwa Wanafunzi Usiku wa Kuamkia Matembezi

Ndugu wanafunzi, pamoja na walezi mliofuatana nao, habari za jioni. Karibuni sana.

Tumepewa nafasi ya kuwaandaa kwa matembezi ya kesho katika mji mkongwe wa Basel, na tungependa kuitumia kwa mambo yatakayowafaa mkiwa njiani: njia yenyewe, mahali pa kusimama, cha kutazama, na makosa ambayo makundi ya wanafunzi huyarudia. Historia itakuwemo, lakini kwa sharti moja: karibu kila tarehe tutakayoitaja usiku huu ina jiwe, maji au mlango wake wa kuoneshwa kesho.

Tuanze na saa. Tunakutana saa tatu asubuhi, uwanja wa Marktplatz, mbele ya jengo jekundu la Rathaus, yaani ukumbi wa mji. Simu zenu zitaandika 9:00. Tunalitamka hili wazi kwa sababu kundi linalozungumza Kiswahili huku likisoma ratiba za Kijerumani halikosi mtu wa kuja alasiri. Wala msione haya, kwani Basel yenyewe ilikuwa na saa yake. Hadi mwaka 1798 saa za mji huu zilitangulia za majirani kwa saa nzima: wengine wakipiga sita adhuhuri, hapa ilikuwa imeshapiga saba. Msafiri aliyetoka kijiji cha jirani alichelewa kabla hajaondoka kwake.

Njia nzima haifiki kilomita tatu na nusu. Wenye miguu mepesi wataimaliza kwa chini ya saa moja wasiposimama popote, na hapo ndipo makundi mengi hukosea: wanaona njia fupi, wanaongeza vituo, na ikifika saa tano watu wanaburuta miguu na hakuna anayesikia neno. Sisi tumepanga muda wa saa tatu na vituo vinane. Vingine vyote tutavipita kwa jina tu, na anayevutiwa atarudi alasiri kwa muda wake. Mko zaidi ya ishirini, kwa hiyo tutagawanyika makundi mawili yatakayoachana kwa dakika kumi na tano. Vichochoro vya Basel ni vyembamba. Kundi likizidi watu kumi na tano, walio nyuma huishia kuona migongo ya wenzao, na wenyeji wanashindwa kupita.

Ili njia ieleweke, ushikeni mto kwanza. Rhine unaingia Basel ukitokea mashariki, na katikati ya mji unapinda kuelekea kaskazini, ambako baada ya mwendo mfupi unakuwa mpaka wa Ufaransa na Ujerumani. Maji yanayopinda hula ukingo wa nje na kutua kokoto ukingo wa ndani. Ndiyo maana upande wa kushoto, Grossbasel, umekaa juu ya genge, na upande wa kulia, Kleinbasel, ni tambarare. Nyuma ya genge hilo kuna bonde la pili, la kijito kiitwacho Birsig, kinachomwaga maji yake Rhine karibu na daraja kuu. Kati ya kijito na mto umebaki mgongo wa ardhi iliyoinuka, mwembamba, wenye maji na mteremko pande mbili. Anayetaka kujihami hahitaji kushauriwa mara mbili. Waselti walijenga boma juu yake katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, na mabaki ya boma hilo yanaoneshwa mtaa wa Rittergasse, hatua chache kutoka kanisa kuu. Baadaye wakaja Warumi, kisha maaskofu, wote palepale.

Kwa miguu yenu maana yake ni hii: tutaanza chini bondeni, tutapanda mgongo, tutashuka mtoni, tutavuka, tutarudi kwa daraja, kisha tutapanda ng'ambo ya pili ya bonde la Birsig. Ni milima miwili na mshuko mmoja wa ngazi. Vaeni viatu vyenye soli laini inayoshika. Sehemu za mji mkongwe zimetandikwa mawe ya mviringo yaliyookotwa mtoni, na Münsterplatz ni mfano mzuri wake: yanapendeza sana kwenye picha, na mvua ikinyesha yanateleza kama kambare. Viatu vya visigino viacheni hotelini.

Mwenzetu anayetembea kwa magongo au kiti cha magurudumu asipite ngazi za kwenda kivukoni. Kutoka Münsterplatz afuate Rittergasse hadi daraja la Wettsteinbrücke, avuke kwa juu, na atukute upande wa pili. Mlima wa mwisho pia una ngazi. Badala yake apande tramu namba 3 kutoka Barfüsserplatz hadi Spalentor. Walezi, mteueni mtu wa kufuatana naye usiku huu huu, msingoje kesho.

Na kwa kuwa tumetaja tramu, tusikilizane hapa vizuri. Nchini Uswisi magari husimama mtu anapokanyaga pundamilia, na mgeni akishaizoea adabu hiyo huanza kuvuka bila kutazama. Tramu haisimami. Kisheria ndiyo yenye haki ya kupita, hata penye pundamilia, na za Basel zinapita katikati ya Marktplatz kimya kimya. Hatari kubwa ni mpiga picha anayerudi nyuma hatua moja moja ili mnara wote uingie kwenye fremu. Kila mpiga picha awe na mwenzake wa kumtazamia mgongo.

Maji ya kunywa hayana shida. Chemchemi za mitaani zinatoa maji safi ya kunywa, isipokuwa pale palipoandikwa vinginevyo. Nyingi mtazitambua kwa nyoka-jogoo wa chuma wa rangi ya kijani. Huyo ni basiliski, mnyama wa hadithi anayeshika ngao ya mji. Beba chupa tupu. Nendeni msalani kabla ya kuondoka hotelini, maana vyoo vya umma njiani ni vichache na foleni ya watu ishirini hula robo saa.

Sasa twende kituo cha kwanza. Rathaus ilijengwa kati ya 1504 na 1514, baada ya Basel kujiunga na Shirikisho la Uswisi mwaka 1501. Lakini angalieni: mnara mrefu upande wa kulia, ambao kila mgeni huupiga picha akidhani ni wa enzi hizo, ni wa mwaka 1898 hadi 1904, pamoja na bawa la kushoto. Sehemu kongwe ni ile ya katikati, yenye saa na matao matatu. Ni vizuri kuanza na somo hilo, kwa sababu Uswisi hukarabati kwa ustadi mkubwa, na jicho lisilozoea huhesabu kila kitu kuwa cha kale.

Pale Rathaus tafuteni alama za mafuriko. Ziko mbili, ya mwaka 1529 na ya 1530. Watu wanasimama mbele yake na kugeuka kuutafuta Rhine, wakashangaa maji yangepandaje hadi pale. Hayakuwa ya Rhine, yalikuwa ya Birsig. Kijito hicho kimefunikwa. Kinapita chini ya uwanja mliosimama, chini ya wauza maua na jibini. Kwa karne nyingi kilikuwa mfereji wa taka na wa viwanda vidogo vya watengeneza ngozi na wapaka rangi, kikavumilika kiangazi na kufurika mvua ikizidi. Mji ulipokichoka ukakitia dari. Kwa hiyo Marktplatz ni sakafu juu ya maji, na mkiijua siri hiyo mtaelewa kwa nini barabara zote za jirani zinateremka kuelekea huko.

Kutoka hapo tunakwenda kuelekea mtoni, tunapinda kulia na kupanda Rheinsprung. Ni mlima mfupi lakini mkali; wenye pumu wapande polepole, hakuna tuzo ya kufika mwanzo. Kushoto mtauona mto ukizidi kwenda chini. Katikati ya mlima tutasimama mbele ya jengo la zamani la Chuo Kikuu, kituo cha pili.

Chuo Kikuu cha Basel kilifunguliwa mwaka 1460, na ndicho kikongwe kuliko vyote Uswisi. Kwa nini hapa, katika mji usiokuwa na mfalme? Kati ya 1431 na 1449 maaskofu na wasomi wa Ulaya walikutana Basel katika Mtaguso mkubwa wa Kanisa, na mikutano ya miaka mingi namna hiyo inakula karatasi. Vinu vya karatasi vikaanzishwa kwa nguvu ya maji, na muda si mrefu vikatanda kwenye mfereji wa bonde la St. Alban, ambao watawa walikuwa wameshauchimba tangu karne ya 12. Mmoja wa makatibu wa Mtaguso ule, Enea Silvio Piccolomini, alikuja kuwa Papa Pius wa Pili, na ni yeye aliyetoa hati ya kuanzisha chuo mwaka 1459. Karatasi ilikuwepo, wasomi wakapatikana, wapiga chapa wakafuata. Mwanahisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa mji huu, alijiandikisha chuoni hapa mwaka 1720 akiwa na umri wa miaka kumi na tatu.

Katika habari za wapiga chapa kuna moja ambayo haikosi kuwagusa wanafunzi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1542 Johannes Oporinus alikuwa akichapa Kurani kwa Kilatini, tafsiri ya karne ya 12 iliyohaririwa na Theodor Bibliander wa Zurich. Baraza la mji likaingiwa na hofu, likazuia nakala na kumtia mchapaji ndani. Aliyeandika barua kumtetea alikuwa Martin Luther, kiongozi wa Waprotestanti wa Ujerumani, naye hakuwa na mapenzi yoyote na Uislamu. Hoja yake ni kwamba Wakristo wakiisoma wataipinga vizuri zaidi. Kitabu kikatoka mwaka 1543, bila jina la mji wala la mchapaji. Mwaka huohuo, katika karakana ileile ya Oporinus, kilitoka kitabu cha Andreas Vesalius cha maumbile ya mwili wa binadamu, na mifupa aliyoiunga Vesalius mwenyewe akiwa Basel bado imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya anatomia la chuo. Watakaosomea udaktari, iandikeni hiyo kwenye orodha ya alasiri. Ulizeni kwanza saa za kufunguliwa, maana makumbusho mengi ya mji hufungwa Jumatatu.

Juu ya mlima tutapita majumba mawili makubwa, la buluu na jeupe, ya ndugu wa ukoo wa Sarasin waliotajirika kwa utepe wa hariri katika karne ya 18. Hatusimami. Mkipita mitaa hii mtaona majina ya nyumba yameandikwa ukutani na mwaka pembeni. Mwaka huo kwa kawaida ni ule ambao nyumba ilitajwa mara ya kwanza katika hati, wala hausemi ukuta unaoutazama ulijengwa lini. Tumeona ripoti nyingi za wanafunzi zikiharibika kwa kosa hilo dogo.

Münsterplatz ni kituo cha tatu, na hapa tutakaa muda mrefu kuliko pengine popote. Kanisa kuu mtakaloliona ni la mawe ya mchanga mekundu. Lililotangulia liliwekwa wakfu mwaka 1019 mbele ya Kaisari Heinrich wa Pili. Usiku wa tarehe 18 Oktoba 1356 likapigwa na tetemeko la ardhi, kubwa kuliko yote yanayojulikana katika sehemu hii ya Ulaya kaskazini ya milima ya Alps. Tetemeko lilibomoa, na moto uliofuata ukala nyumba. Kanisa likajengwa upya juu ya kilichosalia: mnara wa Mtakatifu George ukakamilika mwaka 1429, wa Mtakatifu Martin mwaka 1500. Tazameni mnara wa George sehemu ya chini, ambako mawe meupe yameingiliana na mekundu. Hayo ni ya jengo la kabla ya tetemeko.

Mawe ya mchanga ni rafiki wa mchongaji na adui wa mlinzi wa jengo. Yanachongeka kwa urahisi, na kwa sababu hiyohiyo yanaliwa na mvua, barafu na moshi. Maji huingia kwenye vinyweleo, yakiganda hutanuka, na ngozi ya jiwe inabanduka tabaka kwa tabaka. Ndiyo maana kanisa lina karakana yake ya waashi isiyofungwa, na ndiyo maana mara nyingi mtakuta jukwaa la ujenzi limefunika kona fulani. Msilalamike kwamba picha imeharibika. Kiangalieni kiraka: jiwe jipya lina rangi sawasawa na kingo kali, la zamani lina madoadoa na kingo zilizozibwa na wakati. Ila mikono isiguse.

Tutazunguka upande wa kaskazini kuona Galluspforte, mlango wa karne ya 12 uliookoka tetemeko. Juu yake kuna dirisha la duara lenye watu wanaopanda upande mmoja na kuanguka upande mwingine. Ni gurudumu la bahati. Mpeni dakika moja yule aliye juu kabisa, kisha mfuateni anayeporomoka kichwa chini.

Ndani ya kanisa hakuna sanamu wala madhabahu za zamani. Februari 1529 wananchi waliovamia kanisa walizivunja na kuzichoma, na mji ukafuata Matengenezo ya Kanisa. Mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam, aliyekuwa mkazi wa hapa, aliondoka mwaka huo kwa kutopendezwa na fujo hizo. Alirudi mwaka 1535, akafa mwaka uliofuata. Alibaki Mkatoliki, na mji wa Kiprotestanti ukamzika ndani ya kanisa lake kuu. Bamba la kaburi lake liko kwenye nguzo. Maandishi ni marefu na ya Kilatini.

Kisha tutaingia katika varanda za ndani, zinazozunguka bustani mbili ndogo. Kuta zimejaa mabamba ya marehemu. Tutatafuta moja: la Jakob Bernoulli, mwanahisabati, aliyefariki mwaka 1705. Bernoulli alivutiwa sana na msokoto ambao kila ukizunguka huongezeka kwa uwiano uleule, kama unavyokua ukubwa wa kombe la baharini lakini umbo lisibadilike. Akataka uchorwe kaburini pake pamoja na maneno ya Kilatini yasemayo kwamba hata akibadilika atafufuka yuleyule. Mchongaji akachonga msokoto. Wanaosoma hisabati wausogelee na kupima kwa macho nafasi kati ya mzunguko na mzunguko: ziko sawa. Ni msokoto wa kamba iliyokunjwa sakafuni, wala si wa Bernoulli. Zaidi ya miaka mia tatu imepita na kosa halijafutwa, na ukituuliza sisi, lisifutwe kamwe.

Anayetaka kupanda mnara atafanya hivyo alasiri, kwa tiketi, na asiende peke yake, kwani hawaruhusu mtu mmoja mmoja. Ngazi ni takriban 250, nyembamba, za kuzunguka; anayekosa pumzi katikati hana pa kukaa, na anayeshuka na anayepanda hupishana kwa kubanana ukutani. Mkoba mkubwa uacheni chini. Jumapili asubuhi kuna ibada, hakuna utalii.

Nyuma ya kanisa kuna baraza pana liitwalo Pfalz, juu ya genge lile tulilolitaja. Kutoka hapo mtaona Kleinbasel yote, milima ya Msitu Mweusi wa Ujerumani kwa mbali, na minara miwili meupe ya kampuni ya dawa ya Roche, mmoja mita 178 na mwingine 205, ambao ndio jengo refu kuliko yote nchini. Mtakuwa na hoja zenu kuhusu minara hiyo. Wenyeji nao wanazo.

Ngazi zinashuka kutoka Pfalz hadi gati la kivuko, kituo cha nne. Shikeni ukuta, msishuke mkiangalia simu. Kivuko hiki kinaitwa Leu, na ni kimoja kati ya vinne vya Basel. Vingine ni Wild Maa, Vogel Gryff na Ueli. Cha kwanza mjini kilianza mwaka 1854. Hakina injini. Hakina kasia la kukipeleka wala tanga. Waya wa chuma umetandazwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, na kapi inatembea juu yake. Kutoka kwenye kapi inashuka kamba iliyofungwa chomboni.

Sasa angalieni mkono wa nahodha. Akigeuza wenzo ulioshika kamba upande mmoja na kuuelekeza usukani, chombo kinakaa mshazari dhidi ya mkondo. Maji yanataka kukichukua kwenda chini, kamba inakizuia, na nguvu inayobaki inakisukuma kando, kapi ikifuata kwenye waya. Kufika ng'ambo anahamisha wenzo upande wa pili, na mkondo uleule unamrudisha. Wana wa mabaharia walioko hapa wataona jamaa ya jambo hili katika jahazi linaloenda joshi: upepo unatoka huku, chombo kinakwenda kule. Chombo kikikaa sambamba na mkondo hakiendi popote. Mshazari ukizidi kinapiga kelele na kutingishika.

Kwa hiyo kasi ya safari ni kasi ya maji. Kiangazi kikavu, mto ukipungua, mtavuka kwa uvivu. Mto ukijaa baada ya mvua kubwa milimani, kivuko kinasimamishwa kabisa, na hapo mpango wetu ni kupita Wettsteinbrücke. Tutaangalia asubuhi kabla ya kuondoka. Ingieni kwa utaratibu, mketi pande zote mbili kwa uzani sawa, na msisimame wote upande mmoja mnapoona kanisa kwa nyuma, jambo ambalo kila kundi hulifanya. Mwe na sarafu mkononi; foleni ya noti kubwa inamchosha nahodha anayefanya kazi peke yake.

Ukingo wa Kleinbasel tutatembea Oberer Rheinweg, na hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuutazama mgongo mzima wa kanisa kuu. Siku za joto mtaona mamia ya watu wakielea kuteremka mto, kila mmoja na mfuko usioingiza maji ambamo ametia nguo zake. Inavutia. Kesho hakuna atakayeingia. Rhine ni mto wa meli za mizigo, maji yake ni baridi hata kiangazi, na nguzo za madaraja humvuta mtu asiyejua kukaa mbali nazo. Wenyeji wanaogelea upande wa Kleinbasel tu na wanatoka kabla ya daraja la Dreirosenbrücke. Anayetaka kweli, na anayejua kuogelea kweli, aende siku nyingine na mwenyeji.

Kituo cha tano ni Mittlere Brücke, daraja la kati. La kwanza mahali hapa lilijengwa mwaka 1226 hivi na Askofu Heinrich wa Thun. Hili mnalolikanyaga lilifunguliwa mwaka 1905. Katikati kuna kijumba kidogo cha sala, Käppelijoch. Hapo zamani waliohukumiwa kifo, wengi wao wanawake, walifungwa na kutupwa mtoni. Tunaomba watu wasipige picha za kuchekesha mlangoni pake. Mkimaliza kuvuka, inueni macho kwenye nyumba ya upande wa Grossbasel mtafute kichwa cha mfalme anayetoa ulimi kuelekea Kleinbasel. Hapo chekeni mpendavyo.

Kituo cha sita ni Totengässlein, kichochoro cha ngazi. Nyumba namba 3, ambayo sasa ni makumbusho ya famasia, ilikuwa ya mpiga chapa Johannes Froben. Erasmus alikaa kwake, na Agano Jipya la Kigiriki alilolihariri lilichapwa na Froben mwaka 1516. Juu tutapita kanisa la Peterskirche hadi Petersplatz, kwenye jengo la chuo la mwaka 1939, na tutapumzika dakika kumi chini ya miti. Hicho ndicho kituo cha saba, na kazi yake ni kula ndizi.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Spalentor, lango la mwaka 1400 hivi. Baada ya tetemeko mji ulijizungushia ukuta mpya, mkubwa zaidi. Mwaka 1859 ilipitishwa sheria ya kuubomoa ili mji upumue, na yakabaki malango makubwa matatu: hili, la St. Alban na la St. Johann. Mkipita chini ya tao tazameni juu, mtaona lango la magogo yenye ncha za chuma, lililotengenezwa kushushwa ghafla juu ya adui.

Upande wa nje unaanza mtaa wa Missionsstrasse, na nyumba namba 21 ndiyo kituo cha mwisho. Ni makao ya Misheni ya Basel, iliyoanzishwa mwaka 1815. Hapa Basel walisomea Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann kabla ya kwenda Afrika Mashariki. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mke wake Rosina akafia huko mwaka huohuo pamoja na mtoto wao mchanga. Rebmann alimfuata, wakaishi Rabai, na Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo wasomi wa Ulaya waliipinga kwa miaka. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1882, mwandishi akiwa ameshafariki.

Mambo mawili msiyachanganye mtakapoandika. Jengo la sasa ni la mwaka 1860, kwa hiyo Krapf hakusomea ndani ya kuta hizo. Pia alikwenda Mombasa akiwa ametumwa na chama cha misheni cha Kianglikana cha Uingereza. Misheni ya Basel yenyewe ilifanya kazi Ghana, India na Kamerun. Anayefanya utafiti wa Rabai akifika hapa na kudai majalada yake ataelekezwa Uingereza, na atakuwa amepoteza nauli.

Wanafunzi wa Tanzania mtauliza kuhusu Ifakara, kwa hiyo tujibu kabisa. Rudolf Geigy, mwanzilishi wa taasisi ya tiba za nchi za joto ya Basel mwaka 1943, ndiye aliyefungua maabara ya Ifakara mwaka 1957, iliyokua na kuwa taasisi ya afya mnayoijua leo. Taasisi ya Basel ilihamia Allschwil mwaka 2022, nje kidogo ya mji, na haimo katika njia ya kesho. Wenye nia ya kuitembelea waje mbele tukimaliza tuandike majina, ili barua ya maombi ipelekwe kwa pamoja.

Matembezi yataishia Missionsstrasse kama saa sita mchana. Tramu namba 3 kutoka Spalentor itawarudisha Barfüsserplatz. Mlioandikishwa hotelini mna kadi ya mji inayolipia usafiri wa umma ndani ya Basel. Iwe mfukoni, kwani wakaguzi hupanda bila sare. Na atakayepotea katikati ya njia asizunguke kutafuta: aende Münsterplatz, asimame mbele ya mlango mkuu wa kanisa, na apige simu kwa mlezi.